Majina ya marehemu yanarudi, matendo yao bado: Leakey, Colito na askari watatu

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliofia Himaya ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuwahi kuandikwa majina kwenye kumbukumbu yoyote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tangu hapo kazi ya kuwatafuta imekuwa ikiendelea. Januari 2025 Cape Town ilizindua kumbukumbu yenye majina 1,772 ya vibarua wa jeshi waliokuwa wamesahauliwa, na huku kwetu nyaraka za zamani za King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza katika Afrika Mashariki, zinafunguliwa na majina mapya yanatoka. Kila habari ya aina hii inapotangazwa, maoni ni yale yale mawili. Wapo wanaosema haki imetendeka, ingawa imechelewa karne. Wengine wanasema haya ni machozi ya mamba, kama wana nia njema walete fedha.

Naona pande zote mbili zimekosea kutambua ni kitu gani kilichopotea. Jina la marehemu ndilo jepesi zaidi kulirudisha, maana hata jeshi linalodharau askari wake huhitaji kujua nani wa kufutwa kwenye orodha ya mishahara. Tusichonacho ni rekodi ya walichofanya wakiwa hai. Tume ya makaburi haiwezi kuileta rekodi hiyo, na fidia haiwezi kuinunua. Tusipotenganisha mambo haya mawili tutakuja kupiga makofi siku ya kuzindua mnara wa mwisho, tukidhani kazi imekwisha.

Mfano wangu ni wa vita ya pili, na nimeuchagua kwa makusudi. Katika vita ile ya pili askari wa Kiafrika waliokufa waliandikwa vizuri zaidi kuliko baba zao wa 1914 hadi 1918. Kwa hiyo kama tatizo lingekuwa majina tu, basi vita ya pili isingekuwa na deni kubwa.

Mei 1941 vita ya Ethiopia ilikuwa imegeuka. Addis Ababa ilikwisha kuchukuliwa tarehe 6 Aprili, na Haile Selassie alirudi mji mkuu wake tarehe 5 Mei. Waitaliano bado walishikilia eneo la maziwa upande wa kusini, na mvua ilikuwa imeanza. Tarehe 19 Mei, mahali panapoitwa Colito, batalioni ya 1/6 KAR ilivuka mto Billate na kushika sehemu ndogo ya ng'ambo. Hiyo ilikuwa batalioni ya Tanganyika. Askari wa miguu hao hawakuwa na silaha ya maana dhidi ya vifaru, na ghafla vifaru vya Waitaliano vikachomoza vichakani, kimojawapo kikija kutoka nyuma yao.

Sajenti Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kenya, mwenye umri wa miaka 28, wa ukoo ule ule wa Louis Leakey tunayemjua kwa Olduvai, alirukia juu ya kifaru hicho. Alikifungua kwa nguvu mfuniko wa juu, akampiga risasi kamanda na wenzake, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe hadi penye kinga. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru, ukagoma. Basi akashuka, akasema atavifuata vingine kwa miguu, na akakimbia katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa na risasi za rashasha. Vifaru viwili vikampita. Akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, akaua mmoja wa waliokuwemo, na hapo kifaru cha nne kikamfyatulia risasi na kumwangusha. Kaburi lake halijulikani lilipo. Novemba 1945 Gazeti la Serikali la London lilitangaza kwamba ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa mbele ya adui.

Sina ubishi hata kidogo na nishani hiyo. Mtu anayekimbilia kifaru kwa miguu mara ya pili, baada ya kuona cha kwanza kilivyo kwa ndani, amestahili chochote atakachopewa. Hoja yangu iko katika sentensi moja ya tangazo lile ambayo watu huipita haraka. Inasema kwamba Leakey aliposhuka kwenda kuvinyatia vifaru vilivyobaki, alikwenda pamoja na sajenti meja mmoja wa kombania, Mwafrika, na askari wengine wawili. Majina yao hayakuandikwa. Tangazo halisemi walitoka wapi, walifanya nini kifaru cha nne kilipofyatua, wala kama walirudi.

Watu hao watatu walivuka uwanja ule ule, chini ya risasi zile zile, kufuata vifaru vile vile. Sijasema walifanya sawa na Leakey. Aliyefungua mifuniko ni yeye. Lakini hatuwezi hata kuanza kuulinganisha mchango wao, kwa sababu aliyeandika aliona inatosha kutaja cheo cha mmoja na idadi ya wengine. Na sajenti meja wa kombania hakuwa kuruta. Huyo ndiye aliyekuwa mhimili wa kombania, askari mzee anayejua jina la kila mtu, na ambaye maofisa wote walimjua kwa jina lake. Kutotajwa kwake hakukuja kwa sababu hakufahamika.

Nishani ya aina hii hupatikanaje? Kwa karatasi. Tendo lifanyike mbele ya macho ya watu wanaoaminika, mashahidi watoe maelezo, ofisa ayaandike kwa Kiingereza chenye kueleweka, kamanda wa batalioni ayapendekeze, yapande brigedi, divisheni, makao makuu ya uwanja wa vita, kisha London, mpaka kwa mfalme. Katika kila ngazi yupo mtu mwenye uwezo wa kukata, kupunguza daraja au kuliacha faili mezani. Faili la Leakey lenyewe lilichukua zaidi ya miaka minne kutoka Colito hadi gazetini, na huyo alikuwa Mzungu wa ukoo maarufu, katika jeshi ambalo maofisa wake wote walikuwa Wazungu. Faili la mtu ambaye ofisa hakuandika jina lake halina hata pa kuanzia.

Katika KAR ngazi hiyo ilikuwa na pengo tangu chini. Askari wa Kiafrika angeweza kupanda hadi usajenti meja, hakuwa ofisa. Maelezo yake aliyatoa kwa Kiswahili cha Keya, yaani cha KAR, yakapita katika masikio ya luteni kijana aliyejifunza lugha hiyo miezi michache iliyopita. Kwa muda mrefu hata nishani zenyewe zilitengwa: tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1942 askari wa Kiafrika wa KAR alikuwa na toleo lake la Distinguished Conduct Medal (DCM), nishani ya ushujaa iliyo chini ya Victoria Cross, lililoandikwa jina la jeshi hilo, tofauti na lile la Mwingereza. Siku ya Colito mfumo huo ulikuwa bado unafanya kazi. Ofisa aliyetaka kumsifia askari wake alikuwa na sanduku tayari la kumweka, na hakuwa na sababu ya kufikiria sanduku jingine.

Jibu la haraka hapa ni kusema: ubaguzi, basi, tufunge kesi. Ubaguzi ulikuwepo, tena umeandikwa kwenye hesabu za malipo. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua nyaraka zinazoonyesha kwamba hata bahashishi ya mwisho wa vita ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Lakini jibu hilo likiachwa peke yake halielezi mambo mawili. La kwanza ni kwamba hakukuwa na kanuni iliyomzuia Mwafrika kupata Victoria Cross. Samuel Hodge, mtu mweusi wa kikosi cha West India, aliipata kwa kitendo chake Gambia mwaka 1866, na kanuni za mwaka 1920 zilitaja waziwazi majeshi ya makoloni na nchi zilizo chini ya ulinzi. La pili ni Wahindi. Nao walitawaliwa, nao walibaguliwa, na hadi 1911 hawakuruhusiwa kabisa kuipata nishani hii. Lakini katika vita ya pili walipewa nyingi. Kamal Ram, askari wa miguu wa miaka 19, aliipata kwa kuvamia vituo vya rashasha nchini Italia Mei 1944. Katika muda huo huo hakuna askari hata mmoja mweusi wa majeshi ya kikoloni ya Afrika aliyeipata, awe wa mashariki au wa magharibi.

Kama mfalme ni yule yule na dharau ni ile ile, tofauti ilitoka wapi? Naiona katika muundo. Jeshi la India lilikuwa na tabaka zima la maofisa Wahindi wa ngazi ya chini, wenye heshima na lugha, ambao neno lao lilikuwa ushahidi. Lilikuwa pia na Uingereza iliyokuwa ikiogopa siasa za India na kuhitaji mashujaa wa Kihindi wa kuonyesha magazetini. Tanganyika ya 1941 haikuwa na kimojawapo. Ofisa wa KAR hakuhitaji kumchukia sajenti meja wake. Huenda alimpenda na kumtegemea, na bado akamwandika kwa cheo bila jina, kwa kuwa hakuna aliyekuwa juu yake ambaye angeuliza.

Ipo hoja nyingine yenye uzito: Victoria Cross ni nadra. Katika vita nzima ya pili zilitolewa 182 tu, kwa mamilioni ya watu. Mbali na Leakey, mwingine aliyeipata akiwa na askari wa upande huu wa Afrika ni Eric Wilson wa Somaliland, mwaka 1940, naye Mwingereza. Ukiwa na nishani mbili tu, wanasema, huwezi kudai kwamba ya tatu ilinyimwa Mwafrika. Kihesabu wana hoja, na mimi sidai. Lakini uchache hauelezi kwa nini zote mbili ziliangukia kundi dogo kabisa katika vikosi hivyo, na hauelezi sentensi ile ya watu watatu. Ukitaka kujua kama mizani ni sawa huangalii tu nani alipata uzito gani, unaangalia pia nani alipandishwa kwenye mizani. Hawa hawakupandishwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi vijiweni: ilikuwa vita ya wakoloni, haituhusu, nishani zao wabaki nazo. Inasikika kama msimamo wa kizalendo, lakini ukiichunguza inamwachia mkoloni aseme peke yake. Tanganyika ilitoa watu wapatao 87,000 katika vita ile, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa, wengi kwa mchanganyiko wa njaa, kodi na shinikizo la jumbe. Ukisema haiwahusu wajukuu wao, umekubali kwamba walikuwa zana tu. Halafu, Colito iko wapi? Iko Ethiopia. Wale askari wa Tanganyika walikuwa wakiwaondoa Waitaliano katika nchi ya Kiafrika iliyovamiwa mwaka 1935, nchi ambayo 1963 viongozi wetu walikwenda kuanzishia Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Uingereza ilikuwa na malengo yake, bila shaka. Hilo haliondoi ukweli kwamba mvulana wa Tabora au Songea alikuwa katika mstari wa mbele wa ukombozi wa taifa la Kiafrika miaka 20 kabla ya neno hilo kuwa sera yetu. Tukiitupa habari hiyo kwa sababu ya rangi ya bendera iliyokuwa juu, tunatupa mali yetu wenyewe. Na waliorudi hawakurudi watupu. Abdulwahid Sykes alikwenda na KAR hadi Burma, na jina lake liko katika historia ya vyama vya TAA na TANU vilivyotangulia uhuru.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi: Uingereza itoe sasa Victoria Cross kwa Waafrika walionyimwa. Naelewa hamu hiyo, lakini njia yake ni nyembamba. Haane Manahi, sajenti wa Batalioni ya Wamaori ya New Zealand, aliongoza shambulio la kilima cha Takrouna nchini Tunisia Aprili 1943. Alipendekezwa kwa Victoria Cross, karatasi zikapita mikononi mwa majenerali, na akaishia kupewa DCM. Watu wake walipigania jambo hilo miongo kadhaa. Mwaka 2007 walipewa kitambaa cha madhabahu, barua ya Malkia na upanga, kwa maelezo kwamba Mfalme George wa Sita aliamua mwaka 1949 kwamba nishani za vita ile zimefungwa. Australia ilipata upenyo kwa sababu ina mfumo wake yenyewe wa Victoria Cross: Agosti 2020 ilimpa Teddy Sheean, baharia kijana aliyeuawa 1942 akiendelea kufyatua mzinga huku meli yake ikizama. Sisi hatuna mfumo kama huo, wala sioni sababu ya kuutamani.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Marekani. Mwaka 1993 jeshi la nchi hiyo liliagiza wanahistoria wachunguze kwa nini hakuna askari hata mmoja mweusi aliyepata Medal of Honor, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, katika Vita Kuu ya Pili. Hawakukuta amri iliyoandikwa ya kuwazuia, walichokuta ni mazingira na mazoea. Januari 1997 watu saba walitunukiwa, na mmoja tu kati yao alikuwa hai: Vernon Baker, aliyekuwa luteni wa miguu mwenye miaka 25 alipoongoza shambulio karibu na Viareggio nchini Italia Aprili 1945. Watu hukumbuka sherehe ya Ikulu. Mimi nakumbuka kilichoiwezesha: miaka ya kusoma mafaili. Wengi wa wale saba, Baker akiwemo, walikuwa tayari na nishani ya daraja la pili, maana yake palikuwa na maelezo ya tendo, tarehe na jina. Wachunguzi walikuwa na pa kushika.

Sisi tutashika wapi? Jibu linaanzia kwenye kambi ambayo Mtanzania yeyote anaijua. Batalioni ya sita ya KAR ndiyo iliyogeuka Tanganyika Rifles wakati wa uhuru, Desemba 1961, na kambi yake Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa heshima ya vita ile ya mto Billate. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi hiyo waliasi. Madai yao yalikuwa mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Yaani swali la nani anaruhusiwa kuwa ofisa, lile lile lililokuwa limeamua mwaka 1941 nani anaandika na nani anaandikwa, lililipuka katika kambi iliyobeba jina la Colito. Siku tano baadaye makomando wa Kiingereza walitua kwa helikopta kutoka meli ya Centaur na kuzima uasi. Jeshi likavunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa Septemba mwaka ule ule, na kambi sasa ni Lugalo, kwa jina la ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani mwaka 1891.

Kubadili jina kulikuwa sahihi. Jeshi jipya la nchi huru lilistahili jina la ushindi wake wenyewe. Lakini gharama yake hatukuihesabu. Colito ikabaki katika vichwa vya wachache kama jina la uasi, na habari ya 1941 ikaondoka nayo. Sasa anayetaka kuisoma ataikuta kwenye wasifu wa Leakey, ambako Watanganyika wamo kama kundi la nyuma. Uingereza iliandika historia hiyo kwa jina moja, nasi tukamaliza kazi kwa kuifuta yote.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba majina yanayopatikana yatachongwa mawe, na kazi itakuwa imekamilika. Orodha ya makaburi haiwahusu waliorudi hai, na sajenti meja yule huenda alirudi. Kinachohitajika kina ukavu wa ofisini, hakipigwi picha. Shajara za vita za batalioni za KAR zimo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew. Orodha za vyeo zina kombania, na kombania moja, katika mwezi mmoja, haikuwa na masajenti meja wengi. Mapendekezo ya nishani, yakiwemo yaliyokataliwa au kushushwa daraja, yalipita kwenye makaratasi ya makao makuu. Mwanahistoria mmoja mwenye subira, nakala za shajara ya 1/6 ya mwaka 1941, na mtu wa JWTZ anayejua kusoma taratibu za kijeshi wangeweza kufika mbali kuliko kamati yoyote ya minara. Serikali yetu ina haki ya kuomba nakala hizo kwa sababu jeshi hilo ndilo lililogeuka kuwa la nchi hii wakati wa uhuru, na ombi kama hilo haligusi uamuzi wa 1949 hata kidogo, maana halimwombi mtu nishani.

Kuna pingamizi moja la kweli: karatasi hizo ziliandikwa na maofisa wale wale, kwa mazoea yale yale, na huenda tukakuta tena "Mwafrika mmoja" na "wengine wawili" kila ukurasa. Inawezekana sana. Lakini hata hilo litakuwa ushahidi, kwa sababu litaonyesha ukimya huo ulikuwa mkubwa kiasi gani, batalioni kwa batalioni, jambo ambalo sasa tunalisema kwa kukisia. Na ikitokea kwamba mahali fulani, kwenye ripoti ya jioni ya tarehe 19 Mei, luteni aliyechoka aliandika jina la sajenti meja wake, basi mahali pa kwanza pa kulipeleka si London. Ni Lugalo, kwenye lango la jeshi lililotoka katika batalioni yake.